Rekodi mbaya ya udereva na ajira ya gari la wagonjwa au zimamoto: mambo ya kujua kabla hujaomba

Kila tangazo la ajira za madereva linapotoka, iwe la halmashauri, la hospitali au la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, maswali mnayotutumia huwa ya aina moja. Mmoja anauliza: nilipata ajali mwaka juzi, naruhusiwa kuomba? Mwingine: nina faini za trafiki sijalipa, zitaonekana? Wa tatu: nimeendesha bodaboda miaka sita bila leseni, huo si uzoefu?

Haya si maswali madogo. Ushetu ina barabara nyingi za vumbi na vijiji vilivyo mbali na hospitali. Mama akishikwa na uchungu usiku Ulowa au Uyogo, maisha yake na ya mtoto yanategemea mambo mawili: gari lifike, na dereva awafikishe salama. Ndiyo maana mwajiri anayetafuta mtu wa kumkabidhi usukani wa gari la wagonjwa haangalii leseni peke yake. Anaangalia pia ulivyoitumia leseni hiyo.

Tumekuandalia makala haya ili uyasome kwa utulivu, uyahifadhi kwenye simu, na umwonyeshe kijana wako anayeota kazi hiyo.

Jibu kwa kifupi

Rekodi mbaya inaweza kukunyima kazi, lakini haikufungii mlango maisha yako yote kwa kila kosa. Faini ndogo iliyolipwa ina uzito wake, ajali uliyoisababisha ina uzito mkubwa zaidi, na hukumu ya mahakama kwa kuendesha umelewa au kusababisha kifo ni mzigo mzito kuliko yote. Kitu kinachowaangusha wengi zaidi ni kuficha. Cheti cha kughushi, leseni ya kununua au uongo kwenye maombi huweza kukugeuza kutoka mwombaji wa kazi kuwa mtuhumiwa wa jinai.

Nani anaajiri madereva wa dharura?

Hapa kwetu Tanzania hakuna idara moja ya taifa inayomiliki magari yote ya wagonjwa. Magari hayo ni ya halmashauri, hospitali za serikali, hospitali za mashirika ya dini, na mengine ni ya migodi na kampuni binafsi. Kwa hiyo milango ni kadhaa.

Mlango wa kwanza ni halmashauri na taasisi za umma. Huko dereva wa gari la wagonjwa huajiriwa kwa cheo kilekile cha Dereva Daraja la II kama dereva wa gari la ofisi, kisha anapangiwa kituo cha kazi. Maombi hupita kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Tangazo linaweza kutolewa na sekretarieti yenyewe au na halmashauri iliyopata kibali.

Mlango wa pili ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Huyu ni askari kwanza, dereva baadaye. Pamoja na leseni, anaangaliwa umri, afya, elimu na mwenendo. Jeshi la Polisi nalo lina madereva wake, kwa utaratibu wa kijeshi unaofanana na huo.

Mlango wa tatu ni mfumo wa M-Mama, ambao wakazi wa mkoa wetu wanaufahamu vizuri. Ulianza kwa majaribio Sengerema na hapa Shinyanga, kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuuzindua kitaifa mwezi Aprili 2022. Mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, simu hupigwa bure namba 115. Gari la wagonjwa likiwa mbali au likiwa safarini, mratibu humpigia dereva wa jamii, yaani mwananchi mwenye gari lake aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, na akishamfikisha mgonjwa hulipwa kwa simu. Huyu si mtumishi wa serikali, lakini kazi yake ni ya dharura kama ya wengine.

Mlango wa nne ni migodi mikubwa ya ukanda wetu, kama Bulyanhulu na Geita, ambako kuna vikosi vya uokoaji na magari ya dharura ndani ya eneo la mgodi.

Sharti lenyewe linasemaje?

Ukisoma matangazo ya Dereva Daraja la II utakutana na masharti yanayojirudia. Mwombaji awe amemaliza kidato cha nne. Awe na leseni ya daraja la E au C. Awe amefanya kazi kwa leseni hiyo kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Awe na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Umri kwa kawaida usizidi miaka 45.

Rudia kusoma sharti la tatu. Maneno yake ni "bila kusababisha ajali". Hayasemi bila kupata ajali. Tofauti hiyo ni kubwa. Dereva aliyekuwa amesimama kando ya barabara, lori likaja likamgonga nyuma, amepata ajali lakini hakuisababisha. Dereva aliyelipita gari lingine kwenye kona akakutana uso kwa uso na Noah amesababisha ajali. Wa kwanza ana haki ya kuomba kazi bila hofu, mradi awe na karatasi za kuthibitisha. Wa pili sharti linamgusa moja kwa moja.

Pia zingatia neno "mwaka mmoja". Sharti hilo linataka kipindi safi cha kazi, halisemi kwamba uwe hujawahi kukosea tangu kuzaliwa. Mtu aliyesababisha ajali ndogo miaka mitano iliyopita, akalipa, kisha akaendesha miaka minne bila tatizo, yuko mahali tofauti kabisa na aliyegonga mwezi uliopita.

Kwa upande wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, matangazo husisitiza kwamba mwombaji asiwe na kumbukumbu za uhalifu. Hapo hukumu ya mahakama kwa kosa la barabarani inaweza kukukwamisha hata kama leseni yako ni safi leo. Soma kila tangazo jipya kwa makini, kwa sababu umri na fani zinazotakiwa hubadilika kutoka tangazo moja hadi jingine.

Kwa nini wanajali kiasi hicho?

Wapo wanaodhani dereva wa gari la wagonjwa anatakiwa awe mtu wa kukanyaga mafuta. Tufanye hesabu. Safari ya kilomita 60 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa inachukua dakika 45. Ukipandisha hadi 100 kwa saa, inachukua dakika 36. Umeokoa dakika tisa. Lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne. Kwa mwendo wa 80, gari linakula takribani mita 22 kila sekunde. Ng'ombe akikatiza ghafla, au mkokoteni usio na taa ukitokea mbele usiku, sekunde moja ya kushtuka inatosha kukupeleka mita hizo 22 kabla hata hujagusa breki. Na mwendo huo ni wa lami. Kwenye changarawe na vumbi gari huteleza na halisimami haraka hivyo.

Nyuma ya gari hilo kuna mama aliyelala, muuguzi aliyesimama au kuinama akimhudumia, na mara nyingi ndugu mmoja. Muuguzi anayefunga dripu hawezi kufunga mkanda muda wote. Breki moja ya ghafla inamrusha.

Gari la zimamoto lina shida yake nyingine. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 5,000 ni tani tano. Tangi likiwa nusu, maji yale husukumana huku na huku gari linapokata kona, na yanaweza kulivuta gari lote likapinduka. Gari likipinduka njiani, moto hauna wa kuuzima, na waokoaji wanageuka kuwa watu wa kuokolewa.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inayapa magari ya dharura nafasi ya pekee yakiwa kazini, na madereva wengine wanatakiwa kuyapisha. Nafasi hiyo haimwondolei dereva wajibu wa kuwajali watumiaji wengine wa barabara. King'ora ni ombi la kupishwa. Ukipita kwa nguvu ukamgonga mwenda kwa miguu, utajibu kama dereva mwingine yeyote.

Sasa jiweke mahali pa mwajiri. Mtu aliyezoea kukimbia bila king'ora, atafanya nini akipewa king'ora? Hilo ndilo swali wanalojiuliza wanaposhika faili lako.

Rekodi yako inaandikwa wapi?

Wengi wanasema hakuna atakayejua. Njia za kujua ni nyingi kuliko unavyodhani.

Mfumo wa faini wa Jeshi la Polisi. Ukiandikiwa kosa na trafiki kwa mashine, taarifa huingia kwenye mfumo kwa namba ya leseni au namba ya gari. Mtu yeyote mwenye namba hizo anaweza kuangalia deni kwa simu kwenye tms.tpf.go.tz. Anza wewe mwenyewe kuangalia kabla hujaangaliwa.

Mamlaka ya leseni. Leseni hutolewa na TRA baada ya polisi kukupima na kuthibitisha uwezo wako. Daraja lako, tarehe ulipolipata na uhalali wake vinaweza kuhakikiwa. Kikosi cha Usalama Barabarani kimewahi kuhakiki leseni za madereva wa mabasi na malori, na waliokutwa na madaraja wasiyostahili walichukuliwa hatua.

Mahakama. Kesi ya barabarani iliyoisha kwa hukumu inabaki kwenye kumbukumbu.

Alama za vidole. Mwajiri akitaka cheti cha tabia njema, unakwenda polisi, vidole vinachukuliwa, na kumbukumbu zako za jinai zinapekuliwa. Kubadili jina hakusaidii, vidole ni vilevile.

Mwajiri wako wa zamani na wadhamini. Maombi ya kazi serikalini hudai majina ya wadhamini watatu na namba zao za simu. Bosi wa lori uliloliangusha Isaka akipigiwa simu, atasema anachokijua.

Usaili wa vitendo. Baada ya mchujo wa maandishi, madereva hupimwa barabarani. Tabia mbaya za miaka mingi hujitokeza zenyewe: kushika usukani kwa mkono mmoja, kusahau vioo, kuendesha bila kulikagua gari kwanza. Mpimaji hahitaji faili kukusoma.

Na mwisho, kijiji. Kwa dereva wa jamii hasa, rekodi kubwa ni midomo ya watu. Wanajua nani anaendesha akiwa amekunywa na nani akipigiwa simu saa nane usiku anaamka.

Makosa hayalingani uzito

Kundi la kwanza ni makosa ya faini ya papo kwa papo: mkanda, taa mbovu, kuzidisha mwendo kidogo, kukosa kizimamoto ndani ya gari. Kwa gari la kawaida faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Kwa bodaboda na bajaji ilishushwa hadi 10,000 katika mwaka wa fedha 2021/22. Faini hii ni njia ya kumaliza kosa bila kufika mahakamani. Ukiwa na moja au mbili na umezilipa, si habari kubwa. Ukiwa na ishirini za mwendo kasi katika mwaka mmoja, hata zote zikiwa zimelipwa, zinaeleza tabia.

Kundi la pili ni ajali uliyoisababisha ikaharibu mali tu. Hapa ndipo sharti la "bila kusababisha ajali" linapoanza kuuma. Muda uliopita na ulivyolimaliza jambo vinasaidia.

Kundi la tatu ni kuendesha kwa hatari, kuendesha ukiwa umelewa, au kukimbia eneo la ajali na kumwacha majeruhi. Kwa kazi ya dharura, kosa hili la mwisho lina ubaya wa pekee. Mtu aliyemwacha majeruhi barabarani anaombaje kazi ya kubeba majeruhi?

Kundi la nne ni kusababisha majeraha makubwa au kifo. Mahakama inaweza kutoa kifungo au faini, na kukunyima haki ya kushika leseni kwa muda. Polisi nao wamekuwa wakifungia leseni za madereva wanaohatarisha abiria. Leseni ikiwa imefungiwa huna sifa ya kuomba, hata kama kadi unayo mfukoni.

Kundi la tano si la barabarani, ni la karatasi: leseni ya mtu mwingine, cheti cha udereva cha kununua, barua ya uzoefu iliyogongwa mhuri wa kuchonga. Hili ni baya kuliko mengi tuliyoyataja, kwa sababu linahusu uaminifu. Kughushi ni jinai, na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huonya wazi kwamba watakaowasilisha taarifa za kughushi watachukuliwa hatua za kisheria.

"Ajali haina kinga" haitoshi

Tumezoea kusema ajali haina kinga, ni kazi ya Mungu. Msibani maneno hayo yana nafasi yake. Kwenye chumba cha usaili hayana.

Ukiulizwa kuhusu ajali yako, mpimaji anataka kusikia mambo matatu. Nini kilitokea, bila kuzungusha. Wewe ulichangia nini. Na tangu siku hiyo umebadilisha nini. Dereva anayesema "nilikuwa nimeendesha tangu saa kumi alfajiri, nikasinzia, sasa nikichoka naegesha" anaonekana ni mtu aliyejifunza. Anayesema "ni yule mwenye baiskeli, hawa watu hawajui barabara" anaonekana ni mtu atakayerudia.

Bodaboda, Noah na magari ya machimboni

Hapa tuzungumze na vijana wetu moja kwa moja. Ukanda huu una kazi nyingi za usukani kwa kijana asiye na karatasi. Kuna kubeba tumbaku, kubeba mifuko ya mawe kutoka kwenye maduara kwenda kwenye makarasha, kubeba abiria wanne kwenye pikipiki rashi ya dhahabu inapotokea. Pesa inaonekana haraka, na leseni inaonekana kama usumbufu.

Tatizo ni kwamba kuendesha bila leseni hakuhesabiki kama uzoefu. Sharti linasema uwe umefanya kazi kwa leseni ya daraja E au C. Miaka sita ya pikipiki bila leseni, kwenye karatasi ni sifuri. Na ukikamatwa, sifuri hiyo inakuwa kosa.

Tuseme kuna vijana wawili wa kijiji kimoja, wote wameanza udereva wakiwa na miaka 20. Wa kwanza anaazima leseni ya kaka yake, anaendesha Fuso la mawe kwa miaka minne. Wa pili anauza mbuzi, anakata leseni ya kujifunzia, anakwenda chuo, anapimwa na polisi, anapata leseni halali, kisha anapandisha daraja taratibu. Wakiwa na miaka 25 halmashauri inatangaza nafasi. Huenda wa kwanza ndiye fundi zaidi wa kupita matope. Lakini wa pili ndiye pekee mwenye kitu cha kupakia kwenye Ajira Portal.

Madaraja nayo yana ngazi. Daraja A ni la pikipiki, D ni la magari madogo yasiyo ya biashara, E linahusu magari makubwa yasiyo ya abiria, na C ni la mabasi ya abiria 30 au zaidi. Ili ufike C unatakiwa uwe umekaa na C1 au E kwa miaka isiyopungua mitatu. Huwezi kuruka, na anayekuahidi kukurusha anakuuzia matatizo.

Migodini mambo ni makali zaidi

Migodi mikubwa kwa kawaida haitosheki na leseni ya nchi. Hutoa kibali chake cha ndani cha kuendesha, baada ya mafunzo na mtihani. Magari mengi huwekewa vifaa vinavyorekodi mwendo na mahali gari lilipo, na upimaji wa pombe getini ni jambo la kila siku. Kosa moja la mwendo kasi linaweza kukuondolea kibali, na bila kibali huna kazi, hata kama polisi hawakukuandikia chochote. Anayetaka kuingia kikosi cha uokoaji cha mgodi huanza kuangaliwa hapo.

Wenzetu wa nje wanafanyaje?

Uingereza hutumia alama. Makosa mengi ya barabarani hukuongezea alama kwenye leseni, na ukifikisha 12 ndani ya miaka mitatu unaweza kuzuiwa kuendesha. Alama za makosa mengi hukaa kwenye rekodi miaka minne, na za ulevi miaka 11. Huduma za magari ya wagonjwa huko huweka kikomo cha alama ambazo mwombaji anaweza kuwa nazo, na waliofungiwa kwa ulevi hukataliwa au huambiwa wasubiri miaka kadhaa. Huko namba ndiyo inaamua, hapa kwetu sharti la ajali na mwenendo ndilo linaamua. Lakini wazo ni lilelile: aliyebeba maisha ya wengine aonyeshe kwanza kwamba ameyaheshimu.

Kama tayari una doa, fanya haya

Moja, angalia deni lako leo. Ingia kwenye mfumo wa polisi kwa simu, au nenda kituo cha polisi chenye kitengo cha trafiki, uulize kwa namba ya leseni yako. Ukikuta deni, chukua namba ya kumbukumbu ya malipo, ulipe, utunze risiti. Deni lisilolipwa linasema zaidi kuliko kosa lenyewe.

Mbili, kama gari ni la tajiri na faini zimeandikwa kwa namba ya gari, kubalianeni nani alikuwa anaendesha siku hiyo. Usibebe ya mwingine, na usimbebeshe mwingine yako.

Tatu, kama ulipata ajali isiyo kosa lako, tafuta nakala ya ripoti ya polisi ya ajali na ukaguzi wa gari. Kama kesi ilifika mahakamani ukaachiwa, omba nakala ya uamuzi. Karatasi hizi zitunze pamoja na vyeti vya shule. Baada ya miaka kumi hakuna atakayekumbuka, ila karatasi itakumbuka.

Nne, kama ulisababisha ajali, hesabu muda. Jenga kipindi kirefu kisicho na tatizo, ukiwa na mwajiri anayeweza kuandika barua ya kweli: tarehe ulizofanya kazi, aina ya gari, na kwamba hukusababisha ajali. Barua moja ya namna hiyo ina thamani kuliko maneno mengi.

Tano, rudi darasani. VETA ina vyuo mkoani kwetu. Uliza kuhusu kozi za udereva na ada zake. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, cha Dar es Salaam, hutoa mafunzo ya juu zaidi kwa madereva wa abiria na wa viongozi. Mafunzo ya huduma ya kwanza nayo yanakutofautisha na wengine.

Sita, acha pombe na usukani kabisa. Hili halina mjadala wala nusu chupa.

Saba, ukiulizwa, sema kweli. Ukweli unaweza kukukosesha kazi moja. Uongo ukigundulika utakukosesha nyingi.

Na jambo la nane, kama leseni yako imefungiwa, subiri muda uishe na ufuate utaratibu wa kuirejesha. Usiendeshe kwa kujificha. Ukikamatwa ukiendesha wakati umezuiwa, umeongeza kosa juu ya kosa.

Ukishaajiriwa, rekodi inaendelea

Kupata kazi si mwisho. Utumishi wa umma una kipindi cha majaribio cha miezi 12. Kila safari inaandikwa kwenye daftari la safari: ulipotoka, ulipokwenda, kilomita na saa. Ukagongesha gari la serikali, uchunguzi hufanyika, na ukionekana mzembe unaweza kuchukuliwa hatua za kinidhamu na kudaiwa fidia ya hasara.

Kwa hiyo zile tabia ndogo ndizo zinazokulinda: kukagua matairi, breki na taa kabla hujatoka, kukataa kubeba abiria wa njiani kwenye gari la wagonjwa, kumwambia mganga mfawidhi ukweli kwamba gari halina breki nzuri, hata kama mgonjwa anasubiri, ili litafutwe gari jingine mapema.

Kwa wazazi na viongozi wa vijiji

Baba na mama mnaonunulia vijana pikipiki msimu wa tumbaku ukiisha, ada ya mafunzo na leseni iwe sehemu ya bei ya pikipiki. Watendaji wa vijiji na kata, mnapoandika barua ya utambulisho kwa dereva, kumbukeni kwamba anayebebwa usiku anaweza kuwa binti yenu.

Namba za kuhifadhi kwenye simu

Polisi: 112. Zimamoto na Uokoaji: 114. Dharura ya mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga, M-Mama: 115.

Ukiwa na swali kuhusu leseni au maombi ya kazi ya udereva, tutumie kwa ujumbe mfupi wakati wa kipindi, tutalipeleka kwa wahusika na kukusomea majibu. Na kama leo unatoka na gari, wahi kuondoka ili usilazimike kukimbia.